Mhudumu Niliyemtoa Issenye

Nywele zangu zimerudi, laini kama za mtoto mchanga, na kucha zilizokuwa zimegeuka nyeusi zimekua nikazikata zote. Daktari wa Mwanza sasa ananiona mara moja kila baada ya miezi sita. Wanawake watatu wa hapa Nyamisangura, Tarime, wamekuja kwangu kwa nyakati tofauti, kila mmoja ameambiwa ana uvimbe kwenye titi, kila mmoja anataka kujua dripu ya dawa ya saratani ikoje. Inauma wapi? Mtu anabaki na nguvu ya kusonga ugali? Mume anasemaje? Nimewajibu yote niliyoweza. Ila kuna jambo moja sikumwambia hata mmoja wao, na hilo ndilo lililonikalisha kuandika, kwa sababu naona atakayeugua kama mimi anaweza kulifanya bila hata kujiona anafanya ubaya.

Naitwa Bhoke. Kazi yangu ni kuzitafutia familia watu wa kuhudumia wagonjwa nyumbani. Nilikuwa mhudumu wa wodi kwa miaka kumi na mmoja, nikaona jinsi wagonjwa wanavyoruhusiwa kurudi nyumbani ambako hakuna anayejua kuwageuza kitandani. Nikaanza na wanawake wawili niliowafundisha mwenyewe, wakafika tisa. Mtu anapiga simu kutoka Dar au kutoka Migori: "Dada Bhoke, mama kaanguka, nyumbani hakuna mtu." Naenda naiona nyumba, namwona mgonjwa, nawaza ni nani kati ya wanawake wangu atakaa naye vizuri. Nikimpata, naye anakaa pale wiki mbili pamoja na ndugu wa mgonjwa au na mhudumu anayeondoka, ajifunze. Hiyo ilikuwa sheria yangu. Nilizoea kuwaambia, "Mhudumu hahamishwi kama kiti."

Aliyekuwa bora kuliko wote ni Nyangi. Alikuwa Issenye kwa Mzee Makuru, ambaye kiharusi kilimwua upande wote wa kulia kikamwachia neno moja tu, "eee." Mke wake alikuwa amefariki. Binti yake, Ester, ni mwalimu Shinyanga. Aliyebaki nyumbani ni mtoto wa kiume, Wambura, mwenye ng'ombe wa kuchunga kutwa, na mke wake. Na huku kwetu mkwe hamwogeshi baba mkwe, hata mambo yawe magumu vipi. Yule mama angempikia, angemfulia, lakini mwili wa mzee asingeugusa. Kwa hiyo Nyangi ndiye aliyekuwa mikono ya nyumba ile. Miaka miwili alimwogesha, akamlisha, akamtoa nje asubuhi kwenye kiti chake kuwaona ng'ombe wakitoka. Alizijua "eee" zake zote. Kuna ya njaa, kuna ya haja, kuna ya kumtaka Nyangi aache kuongea. Nikiwatembelea nilikuwa nasema, "Shikamoo mzee," naye ananitolea "eee" fupi, na Nyangi anacheka, "Amesema marahaba, lakini umechelewa kuja."

Uvimbe wangu niliugusa kwa mara ya kwanza wakati wa kupalilia mahindi, nikauacha. Mimi niliyekuwa nawafokea watu kwa kuchelewa hospitali. Mpaka naenda kupimwa, mahindi yalishavunwa na titi limeanza kuvuta ndani kama kitambaa kilichoshonwa vibaya. Wakakata kinyama, wakakipeleka kupima, tukasubiri. Halafu tukaambiwa twende Mwanza.

Mvua za vuli ndizo zilikuwa zimeanza waliponitoa titi la kushoto. Mume wangu Marwa ni mtu wa kununua ndizi na kuzipeleka Sirari, mtu mkubwa, sauti yake inasikika hadi barabarani. Siku nesi alipofungua bandeji, Marwa aliangalia ukuta. Tuliporudi nyumbani akawa anatoka mapema na kurudi akiwa amekwisha kula. Sikumlaumu kwa mdomo. Moyoni nilimlaumu sana, na nimechelewa kuelewa kwamba alikuwa anaogopa.

Watoto wetu ni wawili, wote wa kiume, Chacha yuko chuo Dodoma na mdogo wake yuko bweni. Dada yangu Ghati ameolewa upande wa Kenya, Kehancha. Alikuja baada ya dripu ya kwanza akakaa siku tano, simu ya mume wake ikilia kila saa. Siku ya kuondoka alinishika mkono akasema, "Bhoke, si unajua vile mambo yako huko? Nikikaa zaidi, nitapata nyumba imevunjika."

"Nenda," nikamwambia. "Mimi si ndiye ninayewatafutia watu wahudumu?"

Tulicheka. Alipotoka nilijikokota hadi chooni nikaanguka mlangoni, nikakaa pale chini mpaka Marwa aliporudi mchana akanikuta. Dripu ile ilinifanya nitapike hadi maji. Mdomo ulijaa vidonda, harufu ya vitunguu vya jirani ilinichefua, mkono wa kushoto haukuinuka kufika hata kichwani. Nilimweka mhudumu mmoja kati ya wanawake wangu waliokuwa hawana mgonjwa wa kuhudumia. Alikuwa mwema lakini aliniogopa, mimi bosi wake. Akinifunga kidonda mikono inamtetemeka, uji ananiletea wa moto. Kila kitu ananiuliza, "Hivi, mama? Au hivi?" Nilichokuwa natamani ni mtu ambaye sitamfundisha. Nilimtaka Nyangi.

Sasa nieleze nilivyofanya, kama nilivyofanya.

Nilimpigia Ester. Ilikuwa Desemba, shule zimefungwa. Nikamwambia Nyangi anaumwa mgongo, anahitaji kupumzika miezi michache, na nimempata mwingine, Leah. Ester hakuwa hata na wasiwasi.

"Masikini Nyangi, kumnyanyua baba si mchezo," akasema. "Basi dada, mimi nipo likizo. Nije nikae na baba huu mwezi, huyo Leah ajifunze taratibu?"

Nikaona hatari. Angefika angeuliza, Nyangi yuko wapi, tukampe pole. Nikasema, "Hapana mwalimu, usijisumbue. Leah ni mzoefu. Pumzika tu, umechoka na watoto wa watu mwaka mzima."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Leah alikuwa mzoefu wa wazazi waliotoka kujifungua. Mgonjwa wa kiharusi hakuwahi kumshika.

Kisha nikampigia Nyangi. Nikamwambia Ester amekubali, tena anakuja mwenyewe kukaa mwezi mzima na kumfundisha mhudumu mpya. "Amesema nenda kamuuguze dada yako Bhoke kwa moyo mmoja." Maneno hayo niliyatunga nikiwa nimelala, jicho kwenye bati. Nyangi akauliza, "Na mzee ameambiwa?" Nikasema Ester atamwambia mwenyewe, na Wambura pia. Aliondoka Issenye asubuhi kwa bodaboda, Leah akafika alasiri ya siku hiyohiyo. Hawakuonana kabisa.

Nataka niseme pia namna alivyonihudumia, maana uongo wangu haukufanya mikono yake iwe mibaya. Siku ya kwanza tu alikivua kidonda bandeji, akakitazama kama mtu anayetazama mboga sokoni, akasema, "Hiki kinapona. Kinachokusumbua ni huu mkono uliougandisha." Akawa ananisimamisha ukutani kila asubuhi, vidole vinapanda kama mdudu, leo hapa, kesho juu kidogo. Uji wa ulezi aliuacha upoe kabisa, akaukamulia limau, na huo ndio chakula pekee kilichokaa tumboni. Nywele zilipoanza kutoka kwa mafungu alikuja na wembe bila kuniuliza, akaninyoa uani, akafagia, akanifunga kitenge. Akachukua kitambaa na pamba akanishonea kitu cha kuweka kwenye sidiria, akakipima mkononi mara tatu kwa sababu cha kwanza kilikuwa chepesi na gauni likalala upande.

Dripu ya pili ikapita, ya tatu ikapita. Kule Mwanza tulikaa kwenye benchi zile ndefu, wanawake wenye vilemba, kila mtu na chupa yake ya maji na mfuko wake mweusi. Ukikaa pale mara tatu unawajua. Kuna mama wa Sengerema aliyekuwa anatuchekesha sote, na kwenye dripu ya nne nafasi yake ilikuwa wazi na hakuna aliyeuliza.

Mara kwa mara Nyangi alisema, "Mzee anaendeleaje?"

"Vizuri."

Mara moja alimpigia Wambura mwenyewe, na Wambura, kama wanaume walivyo, akamjibu, "Mzee yupo." Akaridhika.

Lakini Leah alikuwa ananipigia mimi. Mwanzoni mwa Januari alisema mzee hali, anafumba mdomo, anageuza uso ukutani. "Anaita 'eee' kutwa, mama, sijui anataka nini." Nilimwambia amvumilie, atamzoea. Baada ya dripu ya nne akasema kuna wekundu chini ya mgongo. Nilijua wekundu ule ni nini. Kwa miaka kumi na mmoja nimeuona ukigeuka shimo. Nilipaswa kumwita Nyangi chumbani wakati uleule, nimwambie funga mzigo. Alikuwa hatua nane kutoka kitandani kwangu, anatwanga kitunguu saumu. Nikashusha sauti. "Mgeuze kila baada ya saa mbili," nikamwambia Leah. "Usimkokote kwenye shuka, mnyanyue."

"Peke yangu, mama? Mke wa Wambura haingii."

"Mwite Wambura."

"Wambura yuko na ng'ombe."

Nikasema nitafikiria. Nilifikiria dripu mbili zilizobaki. Nilisema moyoni, nikimaliza tu anarudi. Wiki chache. Mzee si bado yupo? Nilikuwa naogopa kufa, hilo ni kweli, na sasa hivi bado nalitumia kujitetea. Ila kulikuwa na jingine dogo zaidi, na ndilo linaloniuma. Sikutaka tu kurudi kwenye ile hali ya mikono ya kutetemeka na uji wa moto.

Simu ya Ester ilinikuta kwenye benchi la Mwanza, siku ya dripu ya tano, nikiwa na namba kumi na saba mkononi. Mkono wangu ulikuwa umekufa ganzi, Nyangi akapokea akaweka sauti kubwa ili nisikie.

"Dada Bhoke," Ester alikuwa analia. "Niko Mugumu hospitali na baba. Mgongo umeoza. Umeoza, dada! Daktari anasema mfupa unaonekana. Huyo Leah anasema alikuambia tangu mwezi uliopita. Nyangi mgongo wake haujapona tu? Hata kama hawezi kunyanyua, aje tu amsaidie kula, baba hali kwa mtu mwingine!"

Nyangi alinitazama. Kisha akasema taratibu, "Ester, mimi ndiye Nyangi. Siumwi mgongo. Niko Mwanza na dada Bhoke. Aliniambia wewe ndiye uliyenituma."

Sikusikia Ester alijibu nini. Simu ilikatika, au aliikata. Wanawake wa benchi wote walikuwa wametazama miguu yao.

"Ni kweli?" Nyangi akaniuliza.

"Nyangi, nilikuwa..."

"Nimeuliza ni kweli?"

"Ni kweli."

Wakaita namba kumi na saba. Alinishika kiwiko, akanipeleka hadi kwenye kiti cha dripu, akaniwekea kanga miguuni kwa sababu chumba kile kina baridi. Alikaa pembeni mpaka tone la mwisho. Tulikuwa tunafikia kwa binamu wa Marwa, na huko nako alinikorogea uji, akanipa vidonge vya kuzuia kutapika, akalala bila kuniaga.

Kesho yake tukapanda basi la Tarime. Tulipokaribia Bunda, ambako mtu wa Issenye hushukia, nilimwona anajisogeza kitini, anatazama nje, anatulia tena. Hakuniomba. Nilijua ningekaa kimya angenifikisha mpaka mlangoni kwangu, ndivyo alivyo. Nami nilitamani kukaa kimya. Basi liliposimama stendi nikasema, "Shuka, Nyangi. Nenda kwa mzee."

Akasimama papo hapo. Akampigia Marwa simu, akamwambia saa ngapi awe stendi na aje na nini. Akamkabidhi mama aliyekaa upande wa pili mfuko mweusi na chupa ya maji: "Mama, huyu ni mgonjwa. Akifumba macho ni kichefuchefu, siyo usingizi." Halafu akaniinamia. Nilidhani ataniaga.

"Umenifanya mimi niwe nimemwacha," akasema. "Yeye anajua nimemwacha. Hawezi hata kuuliza kwa nini."

Akashuka.

Marwa alinipokea Tarime. Nilimweleza yote tukiwa kwenye bajaji, kwa sababu nilijua nisiposema pale sitasema. Hakunigombeza. Aliniuliza kitu kimoja, "Kwa nini hukuniambia mimi kwamba unahitaji kuoshwa?"

"Ulikuwa unaangalia ukuta."

Tulipofika alinishika akaniingiza ndani. Siku ya tatu baada ya dripu, ile mbaya kuliko zote, alileta beseni chumbani. Mikono yake mikubwa ya kubeba ndizi haikujua ianzie wapi. Alianzia miguuni. Alipofika kwenye kovu alisimama, kisha akalipitisha kitambaa polepole kama anayefuta kioo, na nikaona machozi yanamdondoka kwenye maji ya beseni. "Pole, Mama Chacha," akasema. Dripu ya sita yeye ndiye aliyenipeleka, akakaa kwenye benchi siku nzima na wanawake wenye vilemba, mwanaume pekee. Kumbe nilikuwa na mhudumu nyumbani. Alihitaji kufundishwa tu, kazi ambayo nimewafanyia watu wa nje miaka yote.

Mzee Makuru alitoka hospitali mwezi Machi, mvua kubwa zikianza, Nyangi akiwa naye. Nilisikia kwa Leah kwamba alikula siku ileile aliyomwona Nyangi, na kwamba kwanza alilia. Kidonda kilianza kujaa nyama kutoka chini, inavyotakiwa. Lakini hakuweza kukalishwa tena kwenye kiti nje. Mwezi Mei alipata homa ya mapafu, akafariki. Leah naye nilimwomba msamaha, maana nilimtupa kwenye maji ambayo sikumfundisha kuogelea, na kijiji kizima kilikuwa kinamwita mzembe.

Nilikwenda msibani na kichwa changu kisicho na nywele. Marwa alitaka kuja nami mpaka ndani, nikamwambia abaki na wanaume. Ester alikuwa amekaa chini kwenye mkeka na shangazi zake. Nilipiga magoti, nikasema mbele ya wote niliyoyafanya, kuanzia simu ya Desemba. Nilidhani atanifukuza. Shangazi mmoja alianza kuongea Kiisenye kwa ukali, Ester akamgusa goti anyamaze.

"Ulikuwa mgonjwa," akaniambia. "Ungeniambia tu. Ningekupa Nyangi, tena siku hiyohiyo, na mimi ningekuja kukaa na baba Desemba yote. Nilikuwa natafuta sababu ya kuja." Alifuta uso na ncha ya kanga. "Nyangi tungekupa bure, dada. Desemba ile ndiyo siwezi kukusamehe leo. Labda siku nyingine."

Nikasema, "Nimesikia." Nikainuka, nikaenda kusaidia kumenya ndizi na wanawake wengine kwa mkono mmoja. Hakuna aliyenizuia na hakuna aliyeniongelesha.

Kwa hiyo wewe uliyeambiwa uende Mwanza, dripu inavumilika. Chukua kanga ya miguuni na limau. Lakini ukifika mahali unahitaji mtu, omba kwa sauti, useme ukweli wote, hata kama unaona aibu, hata kama unadhani watakataa. Mimi sikumwomba hata mmoja. Mume wangu sikumwomba, Ester sikumwomba, Nyangi mwenyewe sikumwomba.

Bado nawatafutia watu wahudumu, wachache zaidi. Nyangi hayumo. Sasa yuko Morotonga, anamhudumia bibi mmoja, kazi aliyojitafutia mwenyewe. Mwezi uliopita mkono wangu wa kushoto ulivimba hadi pete ikagoma kutoka, hospitali wakasema ni kawaida kwa waliotolewa titi, niufanyishe mazoezi na niufunge bandeji. Nilihangaika nayo wiki nzima. Kisha nikampigia Nyangi, nikasema, "Nyangi, ni Bhoke. Mkono umevimba na sijui kuufunga. Naomba unisaidie. Ukisema hapana, nitaelewa."

Nilimsikia akiweka sufuria chini.

"Njoo Jumamosi," akasema. "Bibi hulala mchana."

Nilikwenda. Alinikaribisha kiti barazani, akaniletea chai, akamchungulia bibi ndani kwanza, kisha akaja akaukunja mkono wa gauni langu. Alianza kufunga kutoka kwenye vidole, kila mzunguko akiulegeza kidogo kuliko uliotangulia, akinionyesha nitazame ili nikamfundishe Marwa. Nilitaka kusema mambo mengi, nikaanza, "Nyangi, kazini kwangu..."

"Mkono wako nitauangalia," akasema bila kuinua macho. "Jumamosi yoyote. Kazini kwako sirudi."

Akafunga fundo, akanirudishia mkono wangu, akaingia ndani kumgeuza bibi.